Majeraha ya neva za mkono

Majeraha ya neva za mkono ni madhara yanayozipata neva zinazotoka shingoni, kupita kwapani na kushuka hadi kwenye ncha za vidole. Neva hizo hupeleka amri za ubongo kwenye misuli na kurudisha habari za mguso, joto, baridi na maumivu. Zikikatwa, zikibanwa au zikishambuliwa na ugonjwa, mkono unaweza kupooza, kufa ganzi au kupatwa na yote mawili, hata kama mifupa na kano zake ni nzima.

Kushika kitu kunahitaji nguvu ya misuli pamoja na hisi ya ngozi. Kwa sababu hiyo mtu mwenye misuli imara anaweza kuangusha kikombe kwa kuwa vidole vyake havihisi kwamba kinateleza, na mtu mwenye hisi kamili anaweza kushindwa kugeuza ufunguo kwa kuwa kidole gumba hakina nguvu ya kubana. Majeraha mengi ya neva hupona au hupungua madhara yakigunduliwa mapema. Yakicheleweshwa, misuli hunyauka na viungo hukakamaa kiasi kwamba hata neva ikikua tena haina kitu cha kuendesha.

## Neva tatu kuu

Katika Kiswahili neno "mkono" hutaja kiungo chote kuanzia begani hadi vidoleni, lakini sehemu inayoshika ni kiganja na vidole. Neva zinazoihudumia hutokana na mizizi mitano inayochomoza kwenye uti wa mgongo, minne ya chini shingoni na mmoja wa juu kifuani. Mizizi hiyo huungana na kugawanyika kama mtandao kati ya shingo na kwapa, kisha hutoa neva kuu tatu zinazofika kiganjani.

* Neva ya mediani hupita katikati ya kigasha (sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono) na kuingia kiganjani kupitia mfereji mwembamba wa kifundo. Huendesha misuli mingi inayokunja vidole na ile iliyo kwenye shina la kidole gumba. Huleta hisi upande wa kiganja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete.
* Neva ya ulna hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, karibu sana na ngozi. Ndiyo inayosababisha mshtuko kama wa umeme mtu anapojigonga hapo. Huendesha misuli midogo iliyo mingi zaidi ndani ya kiganja, na kuleta hisi kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete.
* Neva ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, ikiwa imeugusa mfupa. Huendesha misuli inayoinua kifundo na kunyoosha vidole, na kuleta hisi kwenye mgongo wa mkono upande wa kidole gumba.

## Namna mkono unavyoshika

Mwaka 1956 mtaalamu wa Uingereza John Napier aligawa mishiko ya binadamu katika makundi mawili. Mshiko wa nguvu ni ule ambao vidole hukizunguka kitu na kukikandamiza kiganjani, kama mtu anavyoshika mpini wa jembe, mchi au mkono wa ndoo. Mshiko wa makini ni ule wa kushika kitu kati ya kidole gumba na ncha za vidole vingine, kama kushika sindano, kalamu, kifungo cha shati au noti inayohesabiwa. Kazi nyingi huchanganya yote mawili.

Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvisogeza. Nguvu kubwa ya kukunja na kunyoosha hutoka kwenye misuli ya kigasha, ambayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama kamba. Misuli midogo ya kiganja hupanga umbo la mkono: hutanua na kukutanisha vidole, hukunja vidole kwenye shina huku ncha zikiwa zimenyooka, na hukielekeza kidole gumba kikabiliane na vingine. Mtu anayemega tonge la ugali hutumia misuli hiyo midogo bila kuifikiria.

Mshiko wa nguvu unahitaji pia kifundo kilichoinuliwa kidogo kuelekea nyuma. Kifundo kikiinama mbele, kano za kukunja vidole hulegea na ngumi huwa dhaifu. Jambo hilo huonekana wazi mtu mzima wa afya anapojaribu kukaza ngumi huku ameinamisha kifundo kabisa.

Upande wa hisi, ngozi ya kiganja kimoja na vidole vyake ina vipokezi vya mguso vinavyokadiriwa kufikia 17,000, vingi vikiwa kwenye ncha za vidole. Mwaka 1984 watafiti wa Uswidi Roland Johansson na Göran Westling walionyesha kuwa mtu anayeinua kitu hukibana kwa nguvu iliyozidi kidogo tu ile inayotosha kukizuia kisiteleze. Kitu laini hubanwa zaidi kuliko kitu chenye mikwaruzo, na kikianza kuteleza vidole huongeza nguvu katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajatambua. Vidole vilipotiwa dawa ya ganzi, uwezo huo wa kulinganisha nguvu na utelezi uliharibika. Ndiyo maana mtu mwenye ganzi ama hubana mno hadi akachoka na kujiumiza, ama hulegeza bila kujua na kitu kikamponyoka.

## Dalili kwa kila neva

### Neva ya mediani

Neva hii ikikatwa kwenye kifundo, kidole gumba hushindwa kuinuka na kukabiliana na vidole vingine. Baada ya wiki kadhaa nyama ya shina la kidole gumba hupungua na mahali pake pakawa bapa. Hasara kubwa zaidi ni ya hisi, kwa kuwa vidole vitatu vinavyotumika katika mshiko wa makini hufa ganzi. Mgonjwa hawezi kutofautisha sarafu na ufunguo mfukoni bila kutazama, na hufunga vifungo kwa kuvitazama kimoja kimoja. Jeraha likiwa juu ya kiwiko, kidole gumba na cha shahada hushindwa pia kukunjika kwenye ncha. Mgonjwa akiambiwa afumbe ngumi, kidole cha shahada hubaki kimenyooka.

Ugonjwa unaoipata neva hii mara nyingi ni kubanwa ndani ya mfereji wa kifundo, ambamo hupita pamoja na kano tisa. Mgonjwa huamka usiku akiwa na ganzi na maumivu vidoleni, akakung'uta mkono ili apate nafuu. Hali hiyo huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito, na watu wenye kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha au kazi za kukaza mkono kwa muda mrefu.

### Neva ya ulna

Neva hii ikipooza, vidole vya pete na kidogo huinuka kwenye shina na kujikunja kwenye viungo vya mbele, mkono ukafanana na makucha ya ndege. Vidole havitanuki wala havikutani, kwa hiyo mtu akichota maji au nafaka kwa kiganja, huvuja katikati ya vidole. Mshiko wa nguvu hudhoofika sana kwa kuwa vidole huanza kujikunja kwenye ncha badala ya shina, na kukisukuma kitu nje ya kiganja badala ya kukizunguka.

Mbano wa ufunguo nao hupotea. Daktari Mfaransa Jules Froment alieleza mwaka 1915 kipimo ambacho bado kinatumika: mgonjwa huambiwa abane karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada huku mwingine akiivuta. Misuli inayotakiwa kubana ikiwa imepooza, mgonjwa hukunja ncha ya kidole gumba ili asaidiwe na msuli unaoendeshwa na neva ya mediani.

Jambo linaloshangaza ni kwamba jeraha lililo juu, karibu na kiwiko, huleta makucha madogo kuliko lililo kwenye kifundo, kwa sababu hupoozesha pia misuli ya kigasha inayokunja vidole hivyo viwili. Makucha yanaweza kuongezeka neva inapoanza kupona, na mgonjwa asiyeelezwa anaweza kudhani hali yake inazidi kuwa mbaya.

### Neva ya radiali

Neva hii ikidhurika kwenye mkono wa juu, kifundo huning'inia na vidole havinyooki kwenye shina. Mgonjwa hawezi kufungua mkono ili akizunguke kitu. Hata misuli ya kukunja ikiwa mizima, ngumi yake ni dhaifu kwa kuwa kifundo kimeinama. Akiinuliwa kifundo na mtu mwingine au na banzi, nguvu ya kushika hurudi papo hapo kwa kiasi kikubwa. Hisi iliyopotea ni ya eneo dogo la mgongo wa mkono, ambalo halina kazi kubwa katika kushika.

Hali hii hutokea mfupa wa mkono wa juu unapovunjika, mtu anapolala usingizi mzito mkono ukiwa umening'inia juu ya mgongo wa kiti, au anapotumia magongo yanayombana kwapani. Kubanwa kwa usingizi kwa kawaida hupona katika wiki au miezi michache.

## Sababu

Majeraha ya kukatwa husababishwa na vioo, panga, visu na mashine. Kifundo cha mkono ni mahali pa hatari kwa kuwa neva, kano na mishipa ya damu zimesongamana chini ya ngozi nyembamba. Kidonda kidogo cha kioo kinaweza kukata neva nzima, kikashonwa ngozi tu na ganzi ikagunduliwa baada ya miezi.

Kwa watoto, kuanguka kutoka juu ya mti au ukutani na kuvunja mfupa karibu na kiwiko kunaweza kuumiza neva yoyote kati ya hizo tatu. Kidonda kikivimba ndani ya plasta au banzi lililokazwa mno, damu hukosa njia, na misuli na neva za kigasha hufa katika muda wa saa chache. Maumivu yanayozidi vidole vinaponyooshwa, ganzi na vidole vya baridi ni dalili za dharura: plasta au banzi hulegezwa mara moja na mgonjwa hufikishwa hospitalini.

Sababu nyingine ni ajali za pikipiki zinazovuta neva za shingoni, kuvutwa kwa shingo ya mtoto wakati wa uzazi mgumu, sindano iliyochomwa mahali pasipofaa na kisukari, ambacho kwa kawaida huanzia miguuni kabla ya kufika mikononi.

## Ukoma

Ukoma ni miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoharibu neva za mkono zaidi ya mengine. Husababishwa na bakteria *Mycobacterium leprae*, iliyogunduliwa na Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873. Bakteria hiyo hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, kwa hiyo hushambulia neva zilizo karibu na ngozi. Katika mkono, neva ya ulna karibu na kiwiko ndiyo inayoathirika mara nyingi zaidi. Huvimba na kuwa nene kiasi cha kupapaswa kwa kidole. Tanzania, Komori, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni baadhi ya nchi 23 zilizopewa kipaumbele na Shirika la Afya Duniani katika vita dhidi ya ugonjwa huo.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, aliona kuwa nyama ya mikono ya wagonjwa haikuwa na tofauti ya kuifanya ioze. Vidole vilifupika kutokana na majeraha yasiyohisiwa: mgonjwa alishika sufuria ya moto, alibana zana kupita kiasi au aliendelea kufanya kazi akiwa na kidonda, na usaha ukafika kwenye mfupa. Brand na wenzake walihamisha kano zenye nguvu ili kunyoosha vidole vilivyojikunja, na kuwafundisha wagonjwa kuilinda mikono yao kwa macho. Mafunzo hayo yalitumika baadaye kwa wagonjwa wengine wenye ganzi, wakiwemo wa kisukari.

Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huua bakteria na kuponya ukoma, lakini hazirudishi neva iliyokwisha kuharibika. Ganzi au udhaifu ulioanza ndani ya miezi sita iliyopita unaweza kupungua kwa dawa ya prednisoloni chini ya uangalizi wa daktari. Kwa kuwa neva inaweza kufa bila maumivu yoyote, wagonjwa hupimwa hisi na nguvu za mikono mara kwa mara hata wanapojiona wazima.

## Viwango vya jeraha

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Herbert Seddon wa Uingereza aligawa majeraha ya neva katika viwango vitatu ambavyo bado vinatumika:

1. Neva iliyozimika kwa muda. Nyuzi zake ni nzima, ila haipitishi ishara. Hupona yenyewe kwa siku au wiki kadhaa.
2. Nyuzi zilizokatika ndani ya ala nzima. Sehemu iliyo mbele ya jeraha hufa, kisha nyuzi mpya hukua polepole zikifuata njia ya zamani.
3. Neva iliyokatika kabisa. Nyuzi hukosa njia na kufanya uvimbe wenye maumivu. Haiponi vizuri bila upasuaji.

Nyuzi mpya hukua takriban milimita moja kwa siku. Jeraha la kwenye kifundo linaweza kuhitaji miezi sita au zaidi kabla hisi haijafika kwenye ncha za vidole. Jeraha la karibu na kwapa linaweza kuhitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuifikia misuli midogo ya kiganja, na msuli uliokaa bila neva kwa miezi 12 hadi 18 kwa kawaida umekwisha kugeuka kovu. Hivyo umbali wa jeraha na siku zilizopotea kabla ya tiba huamua kwa kiasi kikubwa iwapo mkono utashika tena.

## Utambuzi

Mganga huuliza jeraha lilitokeaje, hulinganisha mikono miwili, hupapasa neva na kupima msuli mmoja mmoja. Vipimo vitatu vya haraka vinaweza kufanywa mahali popote: kukutanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole kidogo hupima neva ya mediani, kutanua vidole hupima ya ulna, na kuinua kifundo na kidole gumba hupima ya radiali. Kwa mtoto mdogo au mtu aliyezimia, ngozi iliyokauka isiyotoa jasho ni dalili ya neva iliyokatika.

Hisi hupimwa mgonjwa akiwa amefumba macho, kwa nyuzi za nailoni zenye unene tofauti au, mahali pasipo na vifaa, kwa kugusa kidogo na ncha ya kalamu ya wino. Nguvu ya kushika hupimwa kwa dainamomita. Katika hospitali kubwa hutumiwa pia vipimo vya umeme wa neva na misuli.

## Tiba

Neva iliyokatwa hushonwa chini ya hadubini au miwani ya kukuza, ikiwezekana siku chache baada ya jeraha. Pengo likiwa kubwa huzibwa kwa kipande cha neva isiyo ya lazima sana, mara nyingi kutoka nyuma ya mguu. Neva iliyobanwa hupunguziwa mgandamizo kwa banzi la usiku, sindano ya dawa au upasuaji wa kuufungua mfereji.

Wakati wa kungoja neva ikue, viungo vyote vya vidole husogezwa kila siku kwa mkono mwingine ili visikakamae. Banzi huinua kifundo kilichoanguka au huzuia vidole visijikunje kama makucha. Hisi inaporudi mara nyingi huwa imevurugika, kwa hiyo mgonjwa hufundishwa upya kutambua vitu kwa kuvigusa akiwa amefumba macho, kisha kufumbua na kulinganisha.

Neva isipopona, daktari wa upasuaji anaweza kuhamisha kano ya msuli mzima ifanye kazi ya uliopooza, mathalani kutumia msuli wa kigasha kuinua kifundo kilichoanguka. Upasuaji huo hurudisha mwendo lakini haurudishi hisi.

## Kuulinda mkono usiohisi

Mtu mwenye mkono wenye ganzi hana onyo la maumivu, hivyo hulazimika kutumia macho badala yake. Mambo yanayoshauriwa ni:

* kushika sufuria, birika na vikombe vya moto kwa kitambaa kinene, na kupima joto la maji kwa kiwiko au mkono mzima;
* kuzungushia mipini ya jembe, panga na visu kitambaa au mpira ili iwe minene na laini, na kubadilisha kazi mara kwa mara;
* kutoshika sigara wala kukaa na mikono karibu na moto;
* kukagua mikono kila jioni, na kupumzisha mkono wenye wekundu, malengelenge au kidonda hata kama hauumi;
* kuloweka mikono mikavu kwenye maji yasiyo ya moto na kuipaka mafuta ili ngozi isipasuke.

Ganzi au udhaifu wa mkono unaoanza ghafla, unaofuata kidonda au kuvunjika mfupa, au unaoambatana na baka la ngozi lisilohisi, unahitaji kuchunguzwa bila kungoja maumivu yatokee. Udhaifu wa ghafla wa mkono pamoja na kupinda mdomo au kushindwa kusema ni dalili ya kiharusi, ambacho hutoka ubongoni na kinahitaji matibabu ya dharura.